Wizi wa Ahadi Namba Arobaini na Moja

Mgeni aliingia katikati ya sentensi. Diwani Mwajabu Kitogo alikuwa amesimama mbele ya baraza, daftari mkononi, amefika kwenye maneno "na kabla ya masika," ndipo mlango wa ofisi ya Halmashauri ya Mtoboo ulipofunguliwa, akaingia mwanamume aliyevaa suti ya rangi ya majivu na kubeba kiti chake mwenyewe. Alikikunjua kiti hicho, akakiweka mbele kabisa ya meza ya mwenyekiti, akaketi huku amewapa wenyeji mgongo.

"Endeleeni tu," alisema. "Mimi sipo hapa rasmi mpaka saa nne."

Ilikuwa saa nne kasorobo.

Inafaa tueleze kidogo kilichokuwa kikiendelea, maana katika nchi nyingine jambo hili halipo na huenda msomaji akadhani tunatunga. Mtoboo ilikuwa halmashauri ndogo mno, ndogo kiasi kwamba mbuzi wa diwani mmoja alikuwa akijulikana kwa jina na madiwani wenzake wote. Na katika udogo huo walikuwa na desturi moja ya ajabu. Diwani akimwahidi mtu jambo, ahadi iliandikwa katika Daftari la Ahadi na kupewa namba. Kisha kila mwezi diwani alisimama mbele ya watu, akaisoma kwa sauti, na yule aliyeahidiwa akasimama naye, akajibu neno moja tu: "Nangoja." Hapakuwa na faini wala adhabu. Lakini diwani aliyejibiwa hivyo mwaka mzima alianza kupita sokoni kwa uchochoro wa nyuma.

"Ahadi namba arobaini na moja," aliendelea Mwajabu, akiusomea ule mgongo wa suti. "Kwa Bi Somoe Likwata. Kwamba kabla ya masika, mimi, diwani wake, nitaweka kivuko cha mbao juu ya korongo, ili ampeleke mjukuu wake Pili kwenye zahanati ya Kilungu kila Alhamisi."

Bi Somoe, mwanamke mwembamba wa miaka sabini, alijiinua kwa mkongojo.

"Nangoja," alisema. Kisha akaongeza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuishia kwenye neno moja, "Lakini safari hii nimeziona mbao kwa macho yangu, zimelala nyuma ya ofisi hapo. Zisije zikaota majani."

Watu wakacheka, na Mwajabu akacheka nao. Mbao tisa zilikuwepo kweli. Fundi alikuwa ameahidi kuanza Jumatatu. Pili alikuwa na kifafa. Dawa zake zilitolewa Kilungu tu, ng'ambo ya korongo, na kila mara mtoto sharti aonwe kwanza na mganga ndipo apewe za wiki moja. Daraja la zamani lilichukuliwa na maji mwaka uliopita, zikabaki nguzo zake mbili za mawe. Kiangazi bibi na mjukuu waliteremka kwa matako na kupanda kwa magoti. Masika, korongo lilijaa, na hapo hakuna aliyeteremka.

Saa nne ikagonga. Mgeni alisimama, akageuka, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ndugu wanufaika," alisema, "naitwa Eustaki, Afisa Mwandamizi wa Mpito, Uhamisho na Furaha. Nimekuja kuwaletea habari njema. Hampo tena."

*

Habari njema zilikuwa hivi. Serikali, baada ya utafiti wa kina uliofanyika mahali pasipo na kelele, ilikuwa imegundua kwamba chanzo cha matatizo ya wananchi ni ukaribu. Halmashauri kumi na nne zilikuwa karibu mno na watu. Watu walikuwa wakiamka tu asubuhi na kwenda kulalamika kwa miguu. Kwa hiyo zote kumi na nne zilikuwa zimefutwa na kuunganishwa kuwa chombo kimoja kikubwa kilichoitwa Mamlaka Moja, chenye makao makuu safari ya siku mbili kutoka hapo, na nembo yenye mikono kumi na minne iliyoshika kijiko kimoja.

"Yaani mmetuondolea ofisi?" aliuliza mtu nyuma.

"Tumeondoa ofisi iliyokuwa imesimama kati yako na huduma," alisema Bwana Eustaki. "Sasa kati yako na huduma hakuna kitu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa kwamba mguu haupo tena na hivyo hautamwuma. Kisha akafungua mkoba, akatoa fomu za kuhamisha mali. Viti, ishirini na vitatu. Kabati, moja. Mbuzi wa diwani, hakuhusika. Alipoliona Daftari la Ahadi mkononi mwa Mwajabu, macho yakamng'aa.

"Na hilo je?"

"Ni ahadi zetu, bwana mkubwa. Tulizowapa watu."

"Ahadi za halmashauri?"

"Ndiyo."

"Basi ni mali ya halmashauri. Inahamishwa." Aliandika: *Ahadi, mia mbili na kumi na nane, zilizotumika kidogo.*

Hapa ndipo Mwajabu alipofanya kosa lake, na ni kosa ambalo mtu wa Mtoboo tu angeweza kulifanya. Alimwamini. Alikuwa mshonaji wa nguo kwa kazi na diwani kwa kura mia tatu na moja, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona ahadi iliyoandikwa, ikapewa namba, halafu ikapotea. Alidhani chombo kikubwa kingezitimiza kwa ukubwa. Akamfungulia afisa ukurasa wa namba arobaini na moja, akamwonyesha kwa kidole, akamweleza habari za Pili na Alhamisi, na ili kumrahisishia kazi akampeleka nyuma ya ofisi kumwonyesha mbao.

"Mbao za ahadi hii hii?" aliuliza Bwana Eustaki.

"Hizi hizi. Tisa. Fundi anaanza Jumatatu."

"Vizuri sana. Viambatisho." Akaziandika nazo. Jioni lori lilipoondoka kwenda Makao Makuu, mbao tisa zilikuwa juu yake, zimefungwa pamoja na daftari kwa kamba moja.

Mwajabu alitia saini. Afisa akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mamlaka haiwasahau waliokuwa madiwani," alimwambia. "Utapata barua ya kuwa Mshauri wa Mambo Yaliyokuwepo. Kuna mshahara. Kuna kofia."

*

Masika yalifika kwa wakati wake, kwa kuwa mvua hazikuwa zimeunganishwa. Mwajabu alimwomba mwenye mashua mmoja msaada. Akaambiwa leseni za mashua sasa zinatolewa Makao Makuu. Aliandika barua tatu. Kwa wiki mbili vijana wanne walimbeba Pili begani wakishikilia kamba iliyofungwa kwenye zile nguzo. Wiki ya tatu kamba ikakatika. Pili hakuwepo. Alikuwepo Mwalimu Kinanda, aliyekaa Mtoboo na kufundisha Kilungu, akivuka asubuhi na karatasi za mtihani amezifunga kichwani kwa mfuko wa nailoni.

Mwalimu alipatikana mchana, maili moja chini. Karatasi zilikuwa kavu.

Mamlaka haikukaa kimya. Bwana Eustaki alikuja mwenyewe mazishini na kiti chake, akasoma barua ya rambirambi mbele ya mjane.

"Zamani," alisoma, "marehemu, kwa kuzama katikati ya mpaka wa Mtoboo na Kilungu, angesababisha halmashauri mbili kuvutana mwezi mzima, huyu akisema maiti ni ya yule. Leo, chini ya Mamlaka Moja, suala limemalizwa kwa siku moja. Maiti ni yetu sote. Mamlaka inaipongeza familia kwa kuwa ya kwanza kunufaika na huduma jumuishi."

Akampa mjane cheti. Mjane alikipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, kisha akabaki ameshika tu, hajui pa kukiweka.

Mwajabu alimfuata afisa hadi kwenye gari.

"Bwana Eustaki, ile ahadi yangu. Mbao zile."

"Ahadi yako?" Alicheka kidogo, bila ubaya. "Mama, wewe huna ahadi. Ulizikabidhi. Nenda Makao Makuu ukaulize kama mwananchi yeyote. Milango iko wazi."

*

Milango ilikuwa wazi kweli, na ikijizungusha yenyewe, kwa kuwa Makao Makuu ya Muda yalikuwa hotelini. Mamlaka ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna mji uliostahili kuipokea, hivyo maofisa walikuwa wakiusubiri mji wao kando ya bwawa la kuogelea. Mwajabu alipanga foleni siku nzima mbele ya dirisha lililoandikwa KARIBU ZAIDI NA WEWE.

Binti wa dirishani alikuwa na adabu nzuri.

"Karibu, mama. Unatoka wapi?"

"Mtoboo."

Binti akatazama kwenye kompyuta. "Mtoboo haipo, mama."

"Nimetoka huko juzi."

"Basi uliwahi." Akaendelea kubonyeza. "Shida yako?"

"Ahadi namba arobaini na moja. Kivuko cha mbao. Nataka kujua kitawekwa lini. Kuna mtoto."

"Aa, ahadi." Uso wa binti uling'aa, bila shaka ilikuwa nadra kwake kuwa na jibu. "Ahadi zote zimeshashughulikiwa. Zilikuwa elfu tatu na ushee, kutoka halmashauri kumi na nne. Vurugu tupu. Huyu kaahidiwa kisima, yule paa la shule, mwingine choo. Kwa hiyo wataalamu wameziunganisha."

"Wameziunganisha vipi?"

"Zimekuwa ahadi moja."

Mwajabu alishika ukingo wa dirisha. "Inasemaje hiyo ahadi?"

Binti akasoma polepole, asikosee. "'Mambo yatakuwa mazuri.'"

"Na mbao?"

"Mbao zipi, mama?"

Jibu lilikuwa nyuma ya Mwajabu. Alipogeuka aliziona, tisa zote, zimepakwa rangi nyeupe. Zilikuwa zimetengenezwa jukwaa dogo kando ya bwawa, na juu yake Bwana Eustaki alikuwa akitoa hotuba juu ya ukaribu kwa watu wawili waliovaa taulo.

Alipoondoka, binti alimwita na kumkabidhi bahasha na kofia. Alikuwa ameteuliwa Mshauri wa Mambo Yaliyokuwepo, kuanzia Ijumaa.

*

Alirudi Jumanne mchana. Bi Somoe alikuwa amekaa kibarazani kwa Mwajabu akimngoja, Pili kalala mapajani, mate yamemkauka kidevuni. Mtoto alikuwa ameanguka mara tatu tangu asubuhi.

"Kofia nzuri," alisema Bi Somoe.

Mwajabu akaivua.

"Vidonge nimevikata nusu tangu kamba ikatike, na vimebaki vipande viwili," alisema Bi Somoe. "Cha leo na cha kesho. Mimi sikuja kukulaumu, mwanangu. Kulaumu nimekwisha kulaumu njiani huko, nimemaliza. Nimekuja kuuliza swali la mtu mzima kwa mtu mzima. Alhamisi tunavuka au hatuvuki? Kama hatuvuki niambie, nijue namna ya kukaa na huyu."

Mwajabu alimtazama mtoto. Hakuwa diwani wa mtu yeyote. Hakuwa na daftari, hakuwa na namba, hakuwa na baraza la kumsikia. Kwa mujibu wa sheria hata kijiji walichokaa hakikuwepo.

"Mtavuka," alisema.

Bi Somoe alimkazia macho, akipima. Kisha akamwamsha Pili kwa kumpapasa shavu, na wakaenda zao.

Jumatano asubuhi Mwajabu alikuwa kwenye ukingo wa korongo akipima kwa utepe wake wa kushonea umbali wa kutoka ukingo hadi nguzo, na wa nguzo hadi nguzo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yalikuwa yakipita na matawi mazima. Alikuwa bado ameinama pale gari la Mamlaka lilipofika upande wa pili. Bwana Eustaki aliteremka, ikabidi wazungumze kwa kupiga kelele.

"Unapima nini, Mshauri?"

"Kivuko!"

"Kivuko cha kuvuka nini?"

"Korongo!"

"Sikiliza!" Alikunja mikono kuzunguka mdomo. "Korongo hili lilikuwa mpaka wa Mtoboo na Kilungu! Mpaka umefutwa! Hakuna upande huu na upande ule! Ukiweka daraja, unatangaza kwamba kuna pande mbili! Huo ni uchochezi!"

"Sasa mbona unapiga kelele?" alifoka Mwajabu.

Bwana Eustaki alifungua mkoba wake. Alitoa karatasi, akaisoma yote, neno kwa neno, ingawa maji yalimeza nusu yake. Mwajabu aliisikia nusu iliyomhusu. Ahadi namba arobaini na moja ilikuwa mali ya umma. Mtu yeyote atakayeitimiza bila kibali atakuwa ameiba ahadi ya Mamlaka, na adhabu yake ni kifungo cha miezi minane, pamoja na kunyang'anywa cheo, nyumba na cherehani.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa!"

"Unaona pande mbili?"

Mwajabu aliutazama ukingo wake, akautazama na wa afisa, na yale maji yaliyokuwa kati.

"Naona!"

"Hilo ndilo tatizo lako!" alisema Bwana Eustaki kwa huzuni ya kweli, akapanda gari.

*

Mbao hazikuwepo Mtoboo nzima. Msitu nao ulikuwa umehamishwa, kwenye karatasi, na kuukata kulihitaji kibali kutoka hotelini. Lakini nyumba ya Mwajabu ilikuwa ya marehemu mume wake, fundi seremala, na ilikuwa na milango mitatu ya mninga.

Aling'oa wa mbele kwanza, mchana kweupe, kila mtu akiona. Majirani walisimama mbali. Hakuna aliyemsaidia kuung'oa, kwa kuwa habari za ile karatasi ya afisa zilikuwa zimekwisha kuenea kijijini. Hakuna aliyekwenda kumshitaki pia, na katika nchi ile huo ulihesabiwa kuwa ushujaa.

"Mama Diwani, utalala vipi bila mlango?" aliuliza jirani mmoja.

"Kwa ubavu, kama siku zote."

Aling'oa wa nyuma, kisha wa chumbani. Akafumua kitanda, akachukua mbavu zake, akazipigilia chini ya milango ili isipinde. Kuiburuta hadi korongoni kulimchukua mchana wote. Mlango wa kwanza ulifika kutoka ukingo hadi nguzo ya kwanza na kuzidi kwa shubiri moja. Wa pili aliusukuma akiwa amelala kifudifudi juu ya wa kwanza, maji yakimrukia usoni. Ulipofika wa tatu, vijana wale wanne waliokuwa wakimbeba Pili walitokea, wakaushika bila kusema lolote, wakausukuma, wakaenda zao haraka na vichwa vimeinama, kama watu waliotoka kuiba.

Alhamisi asubuhi, Bi Somoe alikuja na kanga safi. Alikanyaga mlango wa kwanza kwa mkongojo, akausikiliza.

"Hiki si kile kitasa chako?"

"Ndicho. Usijikwae."

"Nimeingia nyumbani kwako mara mia. Sijawahi kuingia kwa kuvuka maji." Akamshika Pili mkono, wakavuka. Mtoto alisimama mlango wa katikati akataka kuchungulia chini, bibi akamvuta. Mwajabu aliwatazama wakipanda ukingo wa Kilungu, wakapotea kwenye njia ya zahanati. Hakupiga vigelegele. Aliketi chini kwenye tope.

Saa nne askari walifika upande wa pili, watatu, pamoja na Bwana Eustaki na kiti chake. Walisimama wakamtazama Mwajabu ng'ambo, akawatazama naye. Hakukimbia. Mahali pengine pa kuvukia palikuwa mwendo wa siku nzima kwa gari.

Palikuwa na mashauriano. Kisha afisa akakohoa.

"Kwa madhumuni ya kukusanya ushahidi," alisema, "tutautumia ushahidi."

Walivuka mmoja mmoja. Sajini alivuka akitazama juu, ili asione pande zozote. Bwana Eustaki alivuka na kiti kichwani. Wa mwisho alikuwa koplo, kijana mnene aliyeogopa maji. Alifika mlango wa pili, akaona mto ukipita chini ya viatu vyake, akaganda.

"Siwezi, afande!"

"Vuka, wewe! Ni amri!"

"Naanguka!"

Sajini alikuwa tayari ameanza kumtia Mwajabu pingu. Mwajabu alimpita, mkono mmoja ukiwa umefungwa na mwingine bado, akakanyaga mlango wa mbele wa nyumba yake, akaenda hadi katikati na kumnyooshea yule kijana mkono uliokuwa huru.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Nitazame mimi, usitazame chini. Hapo ulipokanyaga panateleza, hapa pako sawa."